Lucban, mji unaotundika mchele madirishani

Kila tarehe 15 Mei, katika mji wa Lucban nchini Ufilipino, chakula hutundikwa ukutani. Mafungu ya mpunga, mikungu ya ndizi, mabiringanya, pilipili, maboga na hata soseji hufungwa kwenye madirisha na varanda mpaka mbao za nyumba zisionekane. Juu ya hayo huning'inia kiping, yaani kaki za unga wa mchele zenye umbo la jani, zilizotiwa rangi nyekundu, njano na kijani. Sherehe hiyo huitwa Pahiyas, na ndiyo iliyoutangaza duniani mji huu wa wakulima, wenye watu zaidi ya 50,000, uliokaa chini ya mlima Banahaw, kusini-mashariki mwa Manila.

Kutengeneza kiping kunataka subira. Kwanza hutafutwa majani yasiyo na tundu, yenye mishipa iliyotokeza vizuri, maana mishipa hiyo ndiyo itakayoacha alama kwenye kaki. Mchele hulowekwa, husagwa, hutiwa rangi, kisha uji wake hupakwa upande mmoja wa jani na kupikwa kwa mvuke. Ukishapoa na kukauka, jani hubanduliwa taratibu, na hapo ndipo mkono wa mgeni huharibu kazi ya asubuhi nzima. Kaki zilizosalimika hukandamizwa chini ya kitu kizito ili zinyooke, halafu huunganishwa kwa mamia kuwa pambo kubwa la kuning'inia liitwalo arangya. Baada ya sherehe hukaangwa zikaliwa. Ni mchele, na mchele hautupwi.

Mapadri Wafransisko kutoka Hispania waliingia eneo hili mwishoni mwa karne ya 16. Mtakatifu Isidori Mkulima, msimamizi wa sherehe, alikuwa kibarua wa shamba karibu na Madrid. Husimuliwa kwamba malaika walimlimia huku yeye akisali. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1622, kwa hiyo huenda sikukuu yake Lucban haina umri mkubwa kuliko huo. Shukrani ya mavuno ni jambo jingine. Sidhani kama watu waliokuwa wakipanda mpunga tangu mababu walimngoja Mhispania aje awafundishe kushukuru.

Zamani wakulima walipeleka mavuno kanisani yakabarikiwe. Wenyeji husimulia kwamba yalipozidi nafasi, kila mtu akaambiwa ayapange mbele ya nyumba yake, naye padri akawa anapita. Mashindano ya kupamba nyumba, yaliyoleta watalii, ni ya juzi tu: yalianzishwa na wasanii wa mji katika miaka ya 1960. Njia ya maandamano hubadilishwa kila mwaka ili mitaa ipokezane, na familia ambayo zamu yake haijafika hubaki mtazamaji kama wageni. Miji jirani ya Tayabas na Sariaya nayo humwadhimisha mkulima huyo. Tayabas watu hurushiwa suman, wali wa kunata uliofungwa kwenye majani.

Vipeperushi vya watalii huishia hapo, na kwa maoni yangu huishia pabaya. Kwa maana Lucban ndiko alikozaliwa Apolinario de la Cruz, anayejulikana kama Hermano Pule, Ndugu Pule.

Kijana huyu wa familia ya wakulima alikwenda Manila akitaka kuwa mtawa. Akakataliwa kwa sababu ni mwenyeji, si Mhispania. Mashirika ya watawa hayakuwapokea watu wa rangi yake. Akapata kazi katika hospitali ya San Juan de Dios, na mwaka 1832 yeye na wenzake wachache wakaanzisha chama cha sala, Cofradía de San José. Wanachama walikutana tarehe 19 ya kila mwezi, wakatoa mchango mdogo, na fedha hizo zikalipia misa katika kanisa la Lucban. Chama kikaenea hadi Laguna na Batangas, kikawa na maelfu ya watu. Kilikuwa na sharti moja lililowaudhi wakubwa: Mhispania au chotara hakuingia bila idhini ya Pule mwenyewe. Mlango aliofungiwa yeye, akaufunga upande wa pili.

Serikali ya Kihispania ikaona uasi mahali ambapo wenyewe waliona ibada. Maombi ya kutaka chama kitambuliwe yakakataliwa, mikutano ikavamiwa, watu wakakamatwa. Oktoba 1841 wafuasi waliojikusanya katika eneo la Tayabas walishambuliwa; wakapigana, na gavana wa jimbo, Joaquín Ortega, akauawa. Tarehe 1 Novemba jeshi lilirudi na nguvu kubwa zaidi, likaua mamia huko Alitao. Siku tatu baadaye Pule alipigwa risasi mjini Tayabas, hajafikisha miaka 30. Mwili wake ulikatwakatwa, kichwa kikatiwa kwenye kizimba na kuwekwa juu ya mti kando ya barabara. Kifo chake hakikumaliza jambo: Januari 1843 askari wa kikosi cha Tayabas waliasi Manila na kuiteka ngome ya Santiago kwa muda mfupi kabla ya kushindwa.

Mwanahistoria Reynaldo Ileto, katika kitabu chake cha mwaka 1979, ndiye aliyewataka wasomi waache kuwaona wafuasi wa Pule kama washamba waliopumbazwa na dini, wawasikilize kwa lugha yao ya sala. Mwaka 2016 ikatoka filamu ya Gil Portes kuhusu Pule.

Baadhi ya walionusurika walikimbilia milimani, na Banahaw ukazidi kuwa mlima wa kuhiji. Kila Juma Kuu mahujaji hupanda kwenye chemchemi na mapango yake. Walizidi wao na wapanda milima, takataka zikajaa, na mwaka 2004 njia za kileleni zikafungwa. Mwaka 2009 sheria ikauweka mlima chini ya hifadhi. Wakulima wana sababu yao ya kuunga mkono hatua hiyo: maji yanayoingia kwenye majaruba ya mpunga ya miji iliyouzunguka hushuka kutoka humo, na bila mpunga hakuna kiping.