Kilio Huanza Mfiwa

Kila ifikapo tarehe 27 Februari, watu wa Songea hukusanyika katika Makumbusho ya Maji Maji kuwakumbuka mashujaa 67 walionyongwa na serikali ya Kijerumani mwaka 1906, wengi wao siku hiyo moja. Kaburi lao la pamoja lipo hapo hapo. Majina yao yanajulikana: yumo Nkosi Mputa Gama, yumo Nduna Songea Mbano ambaye mji wenyewe umechukua jina lake, na yumo Mkomanile, anayekumbukwa kuwa mwanamke pekee miongoni mwao. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapo, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akaomba msamaha. Zilikuwa zimepita zaidi ya karne moja na miaka kumi na saba. Maneno yake hayakumrudisha mtu, wala kichwa cha Nduna, ambacho ukoo wake unaamini kilipelekwa Ujerumani, hakikuonekana kwa maneno hayo. Hata hivyo, wazao walikuwa wakiyangoja, na walikuja kuyasikia.

Lakini vita vile vilikuwa na marehemu wengine ambao hawana ukuta wa majina. Walionyongwa ni wachache wakilinganishwa na waliokufa kwa njaa. Mwaka 1905 afisa mmoja wa Kijerumani, Kapteni Wangenheim, aliandika kwamba ni njaa na ufukara tu vingeleta utii wa mwisho. Na ndivyo ilivyofanywa: maghala yalichomwa, mashamba yakateketezwa, mbegu zikachukuliwa. Wajerumani walikadiria watu 75,000 waliokufa katika eneo lote la vita. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria baina ya 250,000 na 300,000. Njaa huanza na walio wadogo. Maziwa ya mama hukauka kabla ya nguvu zake kwisha.

Upo ushahidi mmoja, nao ni wa tarakimu. Katika bonde la Ulanga, kaskazini mwa Ungoni, uchunguzi uliofanywa miaka kama thelathini baada ya vita ulikisia kwamba njaa ile ilipunguza uzazi wa wanawake walionusurika kwa zaidi ya asilimia 25. Wanahistoria wameinukuu hesabu hiyo kueleza kwa nini nchi ilibaki pori. Ndani yake, hata hivyo, zimo mimba zisizoshika na mimba zilizotoka, za wanawake waliorudi katika vijiji visivyo na nafaka na wakatakiwa kuanza upya kulima. Walifarijiwa kwa maneno gani, na nani? Swali hilo halikuulizwa na afisa, wala na mmisionari, wala na mtunzi wa utenzi wa vita. Ni swali linalostahili kuulizwa, kwa kuwa msiba wa namna hiyo haukwisha pamoja na Maji Maji, na namna ya kuusemea ina historia yake.

Kiswahili kina neno moja ambalo lugha nyingi hazina mfano wake. Kifo chenyewe ni cha anayekufa, lakini sarufi inampa nafasi pia anayebaki: mtu *hufiwa*. Mama aliyeondokewa na mwanawe si mtazamaji wa tukio. Kitendo kimemfika yeye, naye anaitwa mfiwa. Kwa mtu mzima aliyekufa, yanayofuata baada ya hapo yanajulikana na kila mmoja: pole, makiwa, taazia, rambirambi, mkono wa tanzia, matanga, arobaini. Kila neno lina siku yake na kila siku ina watu wake.

Kwa mtoto mchanga maneno huwa haba. Lugha humwita *malaika* akiwa hai, neno lile lile la mjumbe wa mbinguni na la vinyweleo laini vya mwilini. Akizaliwa kabla ya wakati huitwa njiti, kama kijiti cha kibiriti. Akitoka kabla ya kuumbika, husemwa kwamba mimba imeharibika, au imetoka, kana kwamba palikuwa na kitu tu wala hapakuwa na anayengojwa. Matanga hayawekwi, au huwekwa kwa siku moja. Majirani hupita mlangoni kwa sauti ya chini. Na anayejaliwa kusema husema: *Bado kijana, utapata mwingine.* Husema: *Afadhali hukumzoea.* Maneno hayo husemwa kwa nia njema, na mara nyingi husemwa na wanawake waliowahi kuambiwa hayo hayo. Lakini yana kazi moja iliyojificha, nayo ni kufunga mlango. Kama yupo mwingine atakayekuja, basi huyu hakuwa mtu.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mithali hii huelezwa kwa kawaida kuwa ni onyo kwa mtu asiyejisaidia mwenyewe akangojea wengine. Lakini maana yake ya kwanza ni ya msibani, tena ni kanuni ya adabu: wa mbali hana ruhusa ya kulia mpaka mwenye msiba alie. Basi mama aliyekatazwa kulia, kwa kuambiwa kwamba kulia ni kukufuru au ni kumzuia mtoto ajaye, hakunyimwa machozi peke yake. Amenyimwa na watu. Hakuna awezaye kuingia katika kilio ambacho hakijaanza.

Songea ni mahali pazuri pa kuitazama historia ya jambo hili, kwa sababu dini mbili kubwa zilizokaa hapo kila moja ilipaswa kuamua iseme nini juu ya mtoto asiyeishi.

Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Misheni iliteketezwa katika vita vya Maji Maji, ikajengwa tena, na mpaka mwaka 1931 ilikwisha kuwa abasia yenye mamlaka ya jimbo. Katika mafundisho waliyokuja nayo, maneno machache pamoja na maji yalikuwa na uzito usio na kifani. Mtu yeyote, hata mkunga, aliweza kumbatiza mtoto aliye hatarini, na ubatizo wake ukawa ubatizo kamili. Lakini kama maneno hayo hayakuwahi, mlango ulikuwa mzito. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima waliokufa bila ubatizo mazishi ya Kanisa, na wanateolojia waliwawekea watoto hao mahali pasipo mateso wala kumwona Mungu, paitwapo limbo. Mzazi aliyechelewa saa moja alibaki na hesabu ya saa hiyo maisha yake yote.

Mlango ulifunguliwa kidogo kidogo. Mwaka 1969, mwaka ule ule ambao Songea ilifanywa jimbo, Roma ilitoa taratibu mpya za mazishi, na ndani yake zimo sala za kumzika mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa. Sheria mpya ya mwaka 1983 ilimruhusu askofu kukubali mazishi hayo iwapo wazazi walikusudia kumbatiza. Na mwaka 2007 tume ya kimataifa ya teolojia, kwa idhini ya Papa Benedikto wa 16, ilitoa andiko kuhusu watoto hao. Jambo la kutazamwa katika andiko hilo ni kiasi cha madai yake. Halikusema kwamba linajua waliko. Lilisema kwamba zipo sababu nzito za kutumaini, na kwamba tumaini si sawa na ujuzi. Kwa wazazi wengi, unyenyekevu huo ulifaa kuliko uhakika wa zamani.

Upande wa msikitini, hukumu ilikuwepo tangu mwanzo, nayo imejengwa juu ya kilio. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na wengi wa pwani na visiwani, na yaliyopanda bara pamoja na walimu na wafanyabiashara, mtoto aliyelia baada ya kuzaliwa, au aliyeonyesha dalili nyingine ya uhai, ana haki zote za maiti: huoshwa, hukafiniwa, husaliwa, huzikwa. Sauti moja inatosha kumwingiza katika umma. Asiyelia, akiwa ametimiza miezi minne tumboni na kuumbika, hasaliwi, lakini huoshwa, husitiriwa na kuzikwa. Na katika dua ya jeneza la mtoto, wazazi huombewa kwamba awe kwao mtangulizi, akiba na mwombezi. Dua hiyo haimwiti mtoto hasara, bali mtu aliyetangulia njiani.

Juu ya hukumu hizo kuna kisa ambacho kila mwanachuoni anakijua. Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad, alikufa angali mdogo, hajatimiza miaka miwili. Mtume alitokwa na machozi; alipoulizwa na sahaba aliyeshangaa, alijibu kwamba hayo ni rehema. Siku ile jua likapatwa, na watu wakaanza kusema limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto. Hapo ndipo alipowakataza: jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu yeyote. Katika siku moja, machozi yaliruhusiwa na maelezo yalikataliwa.

Hilo ndilo fundisho linalorudi kila mahali. Katika kisa cha Ayubu, ambacho washairi wa pwani walikitungia utenzi tangu karne ya 19, Biblia inasimulia kwamba marafiki zake walikaa naye chini siku saba na usiku saba bila kusema neno. Kosa lao halikuwa kimya kile. Lilianza walipofungua midomo kumweleza kwa nini watoto wake wamekufa.

Washairi nao wamejaribu. Waarabu wanamkumbuka Abu Dhuaib wa Hudhail, aliyewalilia wanawe watano waliochukuliwa na tauni. Na katika lugha ile ile ambayo hukumu za Songea ziliandikwa, yupo Friedrich Rückert, mshairi na mfasiri aliyeitia Kijerumani sehemu kubwa ya Kurani, na mwaka 1846 akatoa tafsiri ya Hamasa, ule mkusanyo wa Abu Tammam wenye mlango mzima wa mashairi ya maombolezo. Luise na Ernst, watoto wake wadogo wawili, walikufa kwa ugonjwa mmoja baina ya tarehe 31 Desemba 1833 na tarehe 16 Januari 1834. Katika miezi iliyofuata aliandika mashairi zaidi ya 400 juu yao. Hakuyachapisha. Yalitoka mwaka 1872, yeye mwenyewe akiwa amekufa tangu 1866, na baadaye Gustav Mahler akayatungia muziki matano kati yake. Mtu anayetunga mashairi 400 na kuyafungia sandukuni hatafuti wasomaji. Alikuwa akifanya ambalo nyumba yenye msiba hulifanya kwa kulitaja jina mara kwa mara: kuwabakiza watoto katika idadi ya watu wa nyumbani.

Leo watoto wanaishi zaidi, na ni haki kusema hivyo. Utafiti wa taifa wa mwaka 2004 na 2005 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 68 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Katika utafiti wa mwaka 2022 idadi ilishuka hadi 33. Lakini wanaokufa katika mwezi wa kwanza walishuka polepole zaidi, kutoka 32 hadi 24. Maana yake ni kwamba karibu robo tatu ya vifo vya mwaka wa kwanza sasa ni vya siku zile za mwanzo ambazo desturi haina maneno nazo. Na hesabu hizo haziwagusi waliozaliwa wafu, ambao ulimwenguni kote walikadiriwa kuwa milioni 1.9 kwa mwaka 2021.

Dola nayo imeanza kusema, kwa lugha yake kavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku nyingine 84 iwapo mtoto atafariki ndani ya mwaka wa kuzaliwa. Na mfanyakazi yeyote aliyefiwa na mtoto akapewa siku zisizopungua nne. Kifungu hicho hakikuandikwa na mshairi, na hakimfikii mkulima wa mahindi wa Namtumbo wala wa kahawa wa Mbinga, ambaye hana mwajiri wa kumpa likizo. Hata hivyo kimekiri jambo ambalo desturi ilisitasita kulikiri: kwamba aliyekufa akiwa na siku tatu amekufa kweli, na aliyemzaa ana msiba.

Kwa mkulima yule hakuna sheria ila watu. Wanaomwendea hawahitaji hekima kubwa. Wakifika wakae chini. Wakisema, waseme pole. Wakiweza, waulize mtoto aliitwa nani, na kama hakuwa amepewa jina, walikuwa wamekusudia kumwitaje. Kisha wanyamaze, mfiwa aanze.

Kila Februari, Songea husoma majina ya watu waliokufa zaidi ya karne moja iliyopita, na hakuna anayesema kwamba ni ya kale mno, au kwamba wamekwisha kuzaliwa wengine badala yao. Wanaosimama pale wanajua wafanyalo. Ujuzi huo huo unaweza kurudi nao nyumbani, mpaka katika chumba ambamo kanga za mtoto zimekunjwa na hakuna aliyeziuliza.