Tukumbuke Meli za Ziwa Victoria

MV Victoria ina umri sawa na Uhuru wetu. Ilianza safari mwaka 1961, na baada ya ukarabati mkubwa ikarudi majini mwaka 2020. Wengi wetu tuliotoka Kanda ya Ziwa tulipanda meli kabla ya kupanda basi. Basi ninyi watoto mliozaliwa huku Uingereza, leo tuwasimulie habari za ziwa hilo.

Ni kubwa kuliko yote Afrika, kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake kwa wastani ni mita 40 tu. Ziwa Tanganyika hufika mita 1,470. Msidhani kina kifupi ni usalama. Upepo ukivuma huko, mawimbi huwa mafupi na yanayofuatana upesi. Mtumbwi haujamaliza kupanda moja, la pili limeshaupiga. Dhoruba nyingi huja usiku kuelekea alfajiri, wavuvi wa dagaa wakiwa majini na taa zao.

Hata hivyo, misiba yetu miwili mikubwa haikuletwa na dhoruba. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba, meli ya abiria 430, ilipinduka asubuhi ikielekea Mwanza. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Walikufa zaidi ya watu 800. Meli ilibaki ikielea chini juu. Ilipotobolewa ili kuwatoa waliokuwa ndani, hewa ikatoka, ikazama. Tulikuwa shuleni. Walimu walikuwa wakiita wanafunzi nje ya darasa, mmoja mmoja.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio. Kiliruhusiwa abiria 101. Waliokufa ni 228. Chombo kilichojaa hivyo, watu wakihamia upande mmoja tayari kushuka, hakihitaji wimbi.

Sisi wauguzi huongeza hili: anayezama kwa kawaida hapigi kelele, kwani anahangaika kuvuta pumzi. Jaketi okozi huvaliwa kabla.

Tulipovuka mara ya mwisho kwenda Nansio, binti yetu aliuliza jaketi ziko wapi. Abiria wakacheka. Baharia mmoja mzee hakucheka. Alimwita, "Njoo mjukuu wangu," akamfungulia sanduku, akamfundisha kufunga kamba.