Haki ya Kutomilikishwa

Tarehe 17 Septemba 1228, Papa Gregori IX alimpa Klara wa Assisi na masista wake wa San Damiano hati fupi inayojulikana kwa Kilatini kama privilegium paupertatis. Kulitafsiri neno la pili kwa Kiswahili hakuna shida. Watawa wetu huweka nadhiri ya ufukara, na ufukara unapita umaskini: maskini aweza kuwa na kidogo, fukara hana kitu. Ugumu uko kwenye neno la kwanza.

“Upendeleo wa ufukara” ni tafsiri inayokuja upesi, nami siipendi. Upendeleo siku hizi ni kazi aliyopewa mpwa wa mkubwa. Katika sheria ya Kanisa, privilegium ni sheria mahususi iliyotolewa kwa mtu au kundi moja, na kwa kawaida watu waliiomba ili wapate kitu. Klara aliomba asipewe.

Monasteri za wanawake wakati huo ziliishi kwa mashamba na mali walizokuja nazo wasichana wa kitajiri. Mtawa mmoja mmoja hakuwa na chake, ila nyumba yake ilikuwa na ardhi. Gregori mwenyewe alimsihi Klara akubali mali, akihofia wanawake waliofungiwa ndani watakula nini. Klara alikataa. Alitaka nyumba nzima iwe fukara kama Kristo wa horini na msalabani, iishi kwa kazi ya mikono na sadaka. Hata alipokuwa mgonjwa kitandani aliketi akisokota nyuzi za vitambaa vya altare.

Hati ikamkubalia kwamba yeyote asiwalazimishe kupokea mali. Kiswahili kina kitenzi kinachoitosha shabaha hiyo: kumilikishwa. Kwa hiyo napendekeza “haki ya kutomilikishwa”, na pale ufupi unapotakiwa, “haki ya ufukara”.

Kanuni aliyoiandika Klara, iliyothibitishwa na Papa Inosenti IV tarehe 9 Agosti 1253, siku mbili kabla hajafa, iliruhusu ardhi ya kulinda faragha ya monasteri tu, tena isilimwe ila bustani ya mahitaji ya masista. Mwaka 1263 Urbani IV alitoa kanuni nyingine inayoruhusu mali ya pamoja, na monasteri nyingi zikaifuata. Katika karne ya 15 mtawa Koleta wa Corbie alizirudisha kadhaa kwenye ufukara wa Klara, na tawi la masista wa Klara liitwalo Waklara Wakoleta lina jina lake hadi leo.