Mpoki wa Nani?

"Mpoki wa nani huyu?"

Shangazi aliuliza hivyo akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, sufuria ya maharage mkononi, macho kwenye televisheni. Mvua ilikuwa inanyesha, na anayeijua mvua ya Mpuguso, kwetu Rungwe, anajua bati linavyopiga kelele. Wachekeshaji tulikuwa tunawasoma midomo kuliko kuwasikia. Lakini jina lile lilimfikia shangazi sawasawa, kwa sababu lilikuwa jina la kwetu.

Kwa Mnyakyusa swali la "wa nani" haliulizwi kwa kupitisha muda. Ukitaja jina umefungua mlango, na watu wataingia: baba yake ni nani, wametokea Masoko au Mwakaleli, wameoa wapi. Kupoka kwa Kinyakyusa ni kuokoa. Msomaji wa pwani asishtuke; kwake kupoka ni kunyang'anya, na kwetu mwokozi ni yule anayekunyang'anya kutoka kinywani mwa mauti. Kwa hiyo Mpoki ni mwokozi, nduguye Ambokile, "ameniokoa", na Tupokigwe, "tumeokolewa". Darasa lolote la Rungwe ukiita majina hayo, kuna mtoto ataitika.

Nilimjibu shangazi kwamba ni mchekeshaji wa Dar es Salaam. Hakuridhika, na alikuwa na haki. Swali lake limenikaa miaka yote hii, ndiyo maana naandika historia ya wachekeshaji hawa kwa majina yao.

Kicheko cha kuja kwa mawimbi kilitufikia kwanza kwa redio. Wazee wa Mpuguso, walimu wa Chuo cha Ualimu na wakulima wa chai na ndizi, walikuwa wanawajua Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania kama wanavyowajua majirani, ingawa sura zao hawakuwahi kuziona. Televisheni ilichelewa. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini Tanzania Bara tuliisubiri hadi 1994 vituo vya binafsi vilipoanza, na ile ya taifa ikaja baadaye zaidi. Kwetu ilikuja na mwanzi. Antena ilifungwa kwenye ncha ya mwanzi mrefu, mwanzi ukachimbiwa nyuma ya nyumba, na kila jioni kijana mmoja alitumwa nje kuuzungusha huku wengine wakipiga kelele dirishani: "Zungusha! Hapo hapo! Umepitiliza, rudisha!" Picha ilikuwa inatoka kwenye chenga polepole, kichwa kwanza, kisha mabega.

Hao waliotoka kwenye chenga walikuwa kundi la Ze Comedy, lililoanza kurusha vichekesho vyake kupitia kituo cha EATV katikati ya muongo wa 2000. Joti ni Lucas Mhuvile. Masanja Mkandamizaji ni Emmanuel Mgaya. Wakuvanga ni Isaya Gideon, Vengu ni Joseph Shamba, Mac Regan ni Alex Chalamila. Sekioni David, waliyemwita Seki, ndiye aliyekuwa akiliongoza kundi. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini akisoma Mgaya, Mhuvile na Chalamila anatulia kidogo, maana hayo ni majina ya upande wetu wa nchi, ya kutoka huko Njombe na Iringa. Mpoki nitamfikia.

Hata jina la kipindi lilikuwa kichekesho. "Ze" ni ile "the" ya Kiingereza kama inavyotamkwa na mtu ambaye ulimi wake haujakubali, na nchi nzima ililielewa kabla kipindi hakijaanza. Waliigiza taarifa ya habari, na Masanja aliisoma kwa uso mkavu kabisa. Waliwaiga wanasiasa na wanamuziki: sauti, miondoko, hata namna ya kukohoa. Joti ndiye aliyetushangaza kuliko wote. Katika kipindi kimoja angeweza kuwa mzee, kisha mtoto, kisha mwanamke aliyejifunga khanga, na kila mmoja alikuwa na mgongo wake. Namaanisha mgongo hasa. Mzee wa Joti aliinama kuanzia kiunoni, kama mtu aliyelima miaka hamsini. Mtoto wake alibinua tumbo mbele. Wanachuo wa Mpuguso walipomwiga kwenye sherehe zao walivaa khanga vilevile na kubana sauti vilevile, lakini mgongo ukawashinda, na watu walitambua papo hapo kwamba kuna kitu kimepungua.

Mwishoni mwa muongo ule kundi likahama. Shirika la utangazaji la TBC lilikuwa limezaliwa kutoka kwenye redio na televisheni ya taifa, Tido Mhando akiwa mkurugenzi wake, na wachekeshaji wale wakaenda kwenye televisheni yake, TBC1. Hapo ndipo ulipozuka mzozo wa jina. Jina la Ze Comedy likabaki kwenye kituo cha zamani, ambako kipindi kiliendelea na wachekeshaji wengine. Waliohama wakajiita Ze Orijino Komedi, wakiliandika kwa Kiswahili kama tunavyotamka. Nimelitafakari sana jina hilo. Mtu aliyenyang'anywa bango la duka hana budi kuwaambia wateja kwamba fundi ni yuleyule, na neno moja, orijino, lilitosha kuwaambia. Mpuguso tuliwafuata bila kuuliza. TBC1 ndiyo iliyokuwa inashikwa na mwanzi wetu.

Wamarekani wametunza historia za aina hii vizuri kuliko sisi. Kuhusu kipindi cha vichekesho cha I Love Lucy, kilichoanza Oktoba 1951, hawakumwandika nyota wake Lucille Ball peke yake. Wanamjua mpiga picha Karl Freund, aliyesimamia kamera tatu mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini. Wanawajua waandishi Jess Oppenheimer, Madelyn Pugh na Bob Carroll. Kwetu aliyeshika kamera, aliyeshona nguo za Joti, aliyekata picha usiku kucha ili kipindi kiwahi, majina yao yalipita mwishoni kwa herufi ndogo wakati watu wameshainuka kwenda kulala. Inaniuma, kwa sababu uso mkavu wa Masanja usingechekesha kama mkata picha angeuondoa sekunde moja mapema.

Mwaka huohuo wa 1951 kilitoka kitabu cha mwanaanthropolojia Monica Wilson juu ya Wanyakyusa, Good Company, kutokana na utafiti alioufanya na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930. Alieleza vijiji vya marika, vijana wa rika moja wakijenga pamoja na kula pamoja, na akalishika neno ambalo kwetu ni zito, ukwangala: kukaa na wenzako, kuzungumza, kufurahi nao. Nikikumbuka sebule ile yenye watu ishirini, watoto sakafuni, wazee kwenye makochi, vijana wamesimama dirishani kwa nje chini ya ukingo wa bati, naona ukwangala uleule. Mchekeshaji alipomaliza, kazi ilikuwa haijaisha. Mtu alirudia maneno yake, mwingine akamsahihisha, kicheko kikaanza upya. Kucheka kwa Kinyakyusa ni ukuseka, na humo ndimo limetoka Lusekelo, furaha, jina la watu wengi pia.

Mwanzi uliangushwa baadaye. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam mwisho wa 2012, na Mbeya ikafuata 2013. King'amuzi kikaingia, kisha simu. Wachekeshaji nao wakatawanyika kila mtu na kazi zake. Masanja akageukia nyimbo za injili na mahubiri. Joti aliendelea na vichekesho vyake vifupifupi, na leo kijana wa Mpuguso anamtazama kwenye simu akiwa peke yake juu ya bodaboda, akisubiri abiria.

Mwaka mmoja nilirudi nyumbani nikiwa na jibu. Shangazi alikuwa anamenya ndizi, ametandika majani ya mgomba chini, vidole vimeshakuwa vyeusi kwa utomvu.

"Shangazi, yule Mpoki jina lake ni Mujuni. Mujuni Sylvery."

"Mujuni ndiyo kabila gani?"

Nikamwambia ni jina la Kagera, la Wahaya. Kwao kujuna ni kusaidia, ni kuokoa, na katika sala zao Mwokozi ndiye huyo, Omujuni.

Kisu kikasimama. Alilirudia jina kwa sauti ya chini, kisha akalitaja la kwetu, kisha lile tena, kama mtu anayepima madebe mawili.

"Basi walimwita jina lake," akasema, akachukua ndizi nyingine.