Nani Aitwe Mtanzania? Swali la Gurnah Likitazamwa kutoka Tunduma

Katika semina moja ya fasihi mwaka huu tulibishana karibu saa nzima juu ya Abdulrazak Gurnah. Hoja ilianza kwa utulivu: je, riwaya zake zisomwe katika fasihi ya Tanzania au ya Uingereza? Mara likazuka lile lile lililozuka nchi nzima Oktoba 7, 2021, alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Wengine wakasema huyu ni wetu, kazaliwa Unguja mwaka 1948, na kisiwa hicho hakimtoki kalamuni. Wengine wakajibu kwamba aliondoka miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi, akawa raia wa Uingereza, na Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. "Mwacha asili ni mtumwa," mmoja akamalizia, na watu wakacheka. Mimi sikucheka sana. Nimezaliwa Tunduma, na kwetu swali la nani ni Mtanzania halingoji semina.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jambo moja tu: kwamba kipimo tulichompimia Gurnah siku ile si cha fasihi hata kidogo. Ni kipimo cha mkaguzi wa mpakani, na historia ya upande wetu inaonyesha kwamba kipimo hicho hakijawahi kutulia mahali pamoja.

Tuanze na mpaka wenyewe. Julai 1, 1890, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wa kugawana Afrika Mashariki. Mstari wa kusini waliupitisha kwenye mdomo wa mto Songwe katika Ziwa Nyasa, wakaufuata mto hadi longitudo ya 33, kisha wakaelekea kwenye mpaka wa bonde la Kongo, na hatimaye mto Kalambo hadi Ziwa Tanganyika. Kwa lugha nyepesi, sehemu ya mstari huo iliamuliwa na maji ya mvua: yanayoelekea Kongo yawe ya Mwingereza, yanayoteremkia Rukwa yawe ya Mjerumani. Wanyamwanga waliokuwa wakiishi hapo hawakuulizwa. Leo wako Momba na Tunduma kwa upande huu, na Nakonde na Isoka kwa upande wa Zambia, ambako huitwa Wanamwanga. Sasa, msomaji mwenzangu, kumbuka na hili: ni mkataba huo huo ambao Wajerumani waliukubali ulinzi wa Waingereza juu ya Zanzibar. Kumbe kisiwa cha Gurnah na mtaa wetu viliandikwa katika karatasi moja!

Upande wa pili wa mstari huo, Waskoti wa misheni ya Livingstonia walijenga kituo cha Mwenzo katika miaka ya 1890. Hapo, mwaka 1912, walimu Waafrika waliunda chama cha ustawi ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake katika Rhodesia ya Kaskazini. Kilififia wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kikafufuliwa mwaka 1923. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa Donald Siwale, Mnamwanga wa hapo hapo, na David Kaunda, mwalimu na mhubiri aliyetoka Nyasaland. Kwa hiyo, jembe la kwanza la siasa ya nchi ile lilishikwa na mwenyeji na mgeni kwa pamoja.

Mtoto wa yule mgeni, Kenneth, alizaliwa Lubwa, Chinsali, mwaka 1924, akaiongoza Zambia tangu uhuru wa 1964 hadi 1991. Mwaka 1996 katiba ilirekebishwa ili wazazi wote wawili wa mgombea urais wawe Wazambia kwa kuzaliwa au kwa nasaba. Kila mtu alijua kanzu hiyo imeshonwa kwa kipimo cha nani. Machi 1999 Mahakama Kuu ikatamka kwamba Kaunda si raia. Mtu aliyetawala miaka 27 akawa hana nchi! Uraia wake ulirudi mwaka 2000 baada ya rufaa.

Tusimcheke jirani. Oktoba 1961, katika Bunge la Tanganyika, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa watu weusi peke yao. Nyerere alikataa katakata, akawa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kukubali rangi iwe sheria. Alishinda, na hapana budi tumshukuru. Lakini sheria iliyopita nayo ilikuwa na mlango wake mwembamba: Desemba 9, 1961, aliyezaliwa Tanganyika aliupata uraia moja kwa moja iwapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Rangi iliondoka, ukabaki uzazi na makaratasi yake. Na makaratasi yana tabia ya kusubiri. Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyejulikana kwa ukali wa kalamu yake, na wenzake watatu, mmoja wao akiwa balozi, si raia. Ulimwengu alikwishakuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Alipokuwa akitumwa kazi hizo, uraia wake haukuwa hoja.

Naomba radhi nilete na ya nyumbani. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa upande wa Nakonde, akaolewa upande wetu kabla ya Uhuru. Kwa maoni yake yeye hajahama nchi, amehama nyumba. Nilipokuwa nikifuatilia karatasi zangu, karani wa ofisi moja aliniuliza bibi alizaliwa wapi. Nikasema kweli. Akaweka kalamu chini: "Basi lete uthibitisho kwamba ninyi ni watu wa hapa." Nilikwenda na kurudi mara tatu. Jioni ya tatu bibi akaniuliza wanataka nini hasa, nikamweleza. Akasema, "Mjukuu wangu, waambie shamba wanalijua."

Jibu hilo limo katika methali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu aliitumia katika waraka wake wa Ujamaa wa mwaka 1962, akisisitiza wajibu wa kufanya kazi. Mimi naisoma na upande wake wa pili: aliyepewa jembe akalima, si mgeni tena.

Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza kwa wahakiki wenzangu. Tuulize mwandishi amelima wapi. Riwaya ya *Paradise* (1994), ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa jina la *Peponi*, inamfuata kijana Yusuf pamoja na msafara wa biashara kutoka pwani kwenda bara, wakati Wajerumani wanaingia. Hilo ni shamba letu, tukubali tusikubali. Hoja kwamba Gurnah anaandika kwa Kiingereza ni nzito, na ni ya kifasihi kweli. Yafaa ituelekeze kutofautisha fasihi ya Kiswahili na fasihi ya Tanzania. Lakini hoja ya pasi tuwaachie wenye mihuri.

Watauliza: je, Waingereza nao wakimdai? Wamdai. Oktoba 2019 marais wa nchi mbili walizindua kituo cha pamoja cha forodha pale Tunduma na Nakonde, ili malori yakaguliwe mara moja tu. Watu bado wanakaguliwa zaidi ya malori. Hata hivyo, msiba ukitokea Nakonde bibi yangu hujifunga kanga, akavuka, akakaa mkekani na ndugu zake. Huko hakuna anayemwuliza ametoka nchi gani. Humwuliza mbona amechelewa.