Mkataba wa kabla ya ndoa nchini Kenya

Mkataba wa kabla ya ndoa ni mapatano ambayo watu wawili wanaotarajia kuoana hufanya ili kuamua haki za kila mmoja juu ya mali. Nchini Kenya mapatano hayo yanatambuliwa na kifungu cha 6 cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Ni tofauti na mahari: mahari hujadiliwa na familia mbili, lakini mkataba huu ni wa wachumba wenyewe.

Historia

Kabla ya mwaka 2013 mahakama za Kenya zilitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba chini ya sheria hiyo mke alipaswa kuonyesha mchango wa fedha katika kununua mali. Kupika, kulea watoto na kulima hakukuhesabiwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, iliwapa mume na mke haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa na inapovunjika. Sheria ya 2013 ilifuata, ikataja kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kazi ya shambani, usimamizi wa biashara ya familia na hata kuwa mwenzi wa mtu kama mchango.

Hata hivyo, sheria hiyo haigawi mali nusu kwa nusu. Mali hugawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba usawa wa kifungu cha 45 haumaanishi mgawanyo sawa moja kwa moja. Anayedai sehemu lazima athibitishe mchango wake, jambo ambalo ni gumu kwa mtu aliyekaa nyumbani miaka ishirini bila risiti hata moja. Hapo ndipo mkataba unapoweza kumfaa asiye na mali. Watu wengi huudhani kuwa ni silaha ya tajiri tu.

Mambo ya kujadiliwa

Mali ambayo mtu alinunua au kurithi kabla ya ndoa si mali ya ndoa. Lakini mwenzi akichangia kuiboresha, kwa mfano kwa kujenga vyumba vya kupangisha kwenye ploti iliyonunuliwa kabla ya harusi, anapata haki ndani yake. Kwa hiyo wachumba huhitaji kuelezana wazi kila mmoja ana nini, na nani atagharimia nini baadaye.

Madeni pia. Deni linalohusu mali, likiwa lilichukuliwa kabla ya ndoa, hubaki la aliyelichukua. Mali hiyo ikigeuka kuwa mali ya ndoa, deni huwa la wote wawili isipokuwa wamekubaliana vingine. Mchumba anayetaja shamba lake bila kutaja mkopo uliolinunua amesema nusu ya habari.

Suala linalosahaulika zaidi ni nyumba iliyojengwa kwenye ardhi ya wazazi. Vijana wengi hujenga katika boma la baba wa mume, na hati ya ardhi iko kwa jina la mzee. Wachumba hawawezi kugawana ardhi isiyo yao, na mali inayoshikiliwa kwa dhamana ya kimila haihesabiwi kuwa mali ya ndoa. Mwanamke anayetoa akiba yake kwa ujenzi kama huo anaweza kuondoka mikono mitupu. Wanachoweza kuandika ni kiasi alichotoa kila mmoja, na jinsi kitakavyorudishwa.

Mazungumzo haya huleta shaka kwa urahisi, kwani kutaja talaka wakati wa posa huonekana kama kuiombea. Ni nafuu yakianza mapema, kabla kadi za harusi hazijasambazwa, na kila upande ukiwa na wakili wake.

Kutenguliwa kwa mkataba

Mahakama inaweza kuutengua mkataba ikiwa ulipatikana kwa udanganyifu au kwa kulazimishwa, au ikiwa ni wa dhuluma iliyo wazi. Karatasi inayoletwa usiku wa kuamkia harusi, asaini au asiolewe, huwa hatarini kwa sababu hiyo. Wazazi pia hawawezi kupatana kuondoa haki ya mtoto ya kutunzwa na wote wawili, ambayo imo katika kifungu cha 53 cha Katiba.

Waislamu na nchi jirani

Waislamu wa Kenya wanaruhusiwa kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Huko kila mmoja hubaki na mali yake, na mahari ni ya mke mwenyewe.

Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mume au mke, isipokuwa wamepatana waziwazi. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 inawataka wachumba wachague mmoja kati ya mifumo mitatu ya mali.