Dunia Juu ya Bamba la Shaba

Ramani za dunia za zama za uvumbuzi wa baharini zilichapwa kwa njia mbili: kwa mbao na kwa shaba. Ile ya Martin Waldseemüller ya mwaka 1507, iliyotumia jina Amerika kwa mara ya kwanza, ilichongwa kwenye mbao. Hata hivyo shaba ndiyo iliyoshinda. Tangu mwaka 1477 mjini Bologna kulikuwa kumechapwa Jiografia ya Ptolemy yenye ramani za mabamba ya shaba, nayo shaba ilibeba mistari myembamba na herufi ndogo ambazo ubao usingezimudu.

Kazi yenyewe ilikwenda polepole. Fundi alichukua bamba lililosuguliwa likang'aa, akachimba mistari kwa chuma chenye ncha, na kila jina akaliandika kinyume ili karatasini lisomeke sawa. Bamba lilipakwa wino, likafutwa hadi wino ukabaki kwenye mifereji tu, kisha likapitishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa kati ya rola mbili za mashine. Rangi zilitiwa baadaye kwa mkono, kwa mnunuzi aliyekuwa radhi kuzilipia.

Mnunuzi huyo kwa kawaida hakuwa nahodha. Mabaharia walitegemea chati zilizochorwa kwa mkono. Ramani iliyochapwa ilikuwa pambo la ukuta na kitabu cha tajiri au msomi. Mwaka 1570 Abraham Ortelius alitoa Antwerp kitabu cha ramani 53 zenye umbo moja, akataja humo wataalamu 87 aliowategemea. Katika ramani yake ya Afrika, Malindi, Mombasa na Kilwa zimo pwani, kwani Wareno walikwisha kupita huko tangu 1498. Bara ni habari nyingine: Mto Nile unatoka kwenye maziwa mawili, kama Ptolemy alivyosimulia karne nyingi kabla.

Makosa ya aina hiyo hayakutokana na ujinga pekee. Bamba lilikuwa mali, na kulichonga upya kulikuwa gharama kubwa. Kosa dogo lilisahihishwa kwa kugonga bamba kwa nyuma na kulichonga tena mahali pale; kosa kubwa liliachwa. Uvimbe usiokuwepo kwenye pwani ya kusini-magharibi ya Amerika Kusini ulibaki katika ramani ya dunia ya Ortelius hadi bamba jipya la 1587.

Mabamba yalirithiwa na kuuzwa pia. Mwaka 1604 Jodocus Hondius alinunua yale ya Gerard Mercator, akayaongezea mengine, na mwaka 1606 akatoa Amsterdam atlasi iliyobeba jina la marehemu. Mji huo ndio uliotawala biashara hiyo katika karne ya 17, hasa kupitia ukoo wa Blaeu, ambao atlasi yao kubwa ilianza kutoka 1662. Moto wa 1672 uliunguza karakana ya Joan Blaeu na mabamba mengi. Yaliyonusurika yaliuzwa kwa wachapaji wengine, nao wakaendelea kuyachapia.